Majani ya Kavumu Hayaanguki Yenyewe

Nani kati yenu alinipiga picha? Najua ni mmoja wenu, ninyi vijana mliokuja Jumamosi na sekateri mpya, mikasi ya kukatia matawi, zinazong'aa. Picha imezunguka kwenye simu za Bukavu nzima mpaka jirani yangu wa Cimpunda akaniletea nijione: mimi, kitambaa kichwani, navua majani mabichi ya mzabibu kwa mikono miwili, na chini mtu ameandika, "Maman Nsimire, kichwa kimetoka." Yaani nimekuwa kichaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakasirika kidogo. Basi leo nawaeleza yote, na mwenye picha aje akae mbele kabisa.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi sikuwa mwalimu, wala agronome, mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ilikuwa kukata mizabibu. Si kuchuma zabibu. Kuchuma ni kazi ya wiki chache, wanafunzi wanakuja, wanaimba, wanaondoka. Kukata ni kazi ya baridi yote, na ndiyo inayoamua kama kutakuwa na kitu cha kuchuma. Niliifanya Ufaransa, katika mkoa unaoitwa Jura, mpaka magoti yakakataa kuinama. Mume wangu alikuwa amepata bourse, ufadhili wa kusoma kule. Masomo yake yaliisha, Mungu akamchukua, na mimi nikabaki na sekateri mkononi.

Mkisikia divai ya Ufaransa mnataja Bordeaux, mnataja Champagne, basi. Jura? Hata Paris kuna watu watakuuliza iko wapi. Iko mashariki, imeegemea milima ya mpaka wa Uswisi. Udongo wake ni wa kijivu, unanata kwenye buti kama bugali mbichi. Mvua ikinyesha unarudi nyumbani na nusu ya shamba miguuni. Wana zabibu zao ambazo kwingine huzioni sana. Savagnin, nyeupe, ngozi ngumu, haina haraka. Trousseau, nyeusi, inapenda jua kama paka. Na Poulsard, ngozi nyembamba mpaka ukiishika vibaya inalia mkononi, na majani yake yamekatika-katika kama yamechezewa na mtoto mwenye mkasi. Kumbukeni hayo majani. Tutayarudia.

Aliyenifundisha alikuwa Odette, mama mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko uso wake, aliyekata mizabibu tangu ujana. Alikuwa na toroli la ajabu: pipa la chuma limepasuliwa katikati, limewekwa gurudumu na mikono, na ndani yake moto. Unakata tawi, unalitupa motoni, unaota vidole, unasukuma toroli mpaka mzabibu unaofuata. Siku ya kwanza nilitaka kulikumbatia lile toroli. Nilitoka Kivu mimi, baridi ya namna ile sikujua hata jina lake.

Odette hakuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo aliyarudia. "Usiguse mzabibu wenye majani," aliniambia. "Wenye majani haujalala. Kuukata wakati huo ni kumpasua mgonjwa bila dawa ya usingizi." Kwa hiyo tulingoja. Baridi ikaja, majani yakageuka manjano, yakaanguka yote, mizabibu ikabaki kama fimbo kavu. Hapo ndipo tuliingia. Unaacha tawi moja refu, ndilo litakalozaa mwaka huu, unalipinda taratibu mpaka linakuwa kama upinde. Na unaacha kisiki kifupi chini yake, hicho ni cha mwaka ujao. Mkulima mlafi anaacha matawi mengi, mwaka wa kwanza anacheka, wa pili analia. Ninyi mliokata safu ya juu Jumamosi, nimeona mlivyoacha. Walafi wakubwa!

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Siku moja muzee Armand, mwenye shamba, alinituma kwenye kave, yaani chumba cha chini ya nyumba wanakoweka mapipa. Nikafungua pipa moja nichungulie. Yesu Maria! Pipa halikujaa, na juu ya divai kulikuwa na ngozi nyeupe imetanda yote. Sasa mimi ni mtoto wa mama aliyekamua kasiksi. Sote tulilelewa na pombe ya ndizi pale nyumbani, na mama alitufundisha kwamba kitu cheupe kikielea juu, kitolewe haraka kabla hakijaharibu chombo kizima. Nikatafuta upawa. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati muzee Armand alipoteremka ngazi akipiga kelele kama nyumba inaungua.

"Usiguse! Hiyo ndiyo inayofanya kazi! Wewe na mimi hapa tunapumzika tu!"

Ndivyo nilivyoijua divai ya manjano ya Jura. Wanaiacha kwenye pipa zaidi ya miaka sita, hawaongezi hata tone, ile ngozi inaifunika na kuilinda, na mwisho inatoka na harufu ya njugu na ukali unaokufumbua macho. Wanainywa na jibini ya milimani. Mara ya kwanza nilikunja uso, mara ya pili nikaomba tena. Kwa miaka mingi wale wazee walinisalimia kwa kunionyesha upawa. Sikuwachukia, maana na mimi nilikuwa nikiwacheka walivyokula ndizi mbivu kwa kisu na uma.

Na kuna sikukuu yao moja niliyoipenda kuliko zote. Mavuno yakikaribia, wanachuma zabibu za kwanza kutoka mashamba yote, wanazifunga pamoja, vichala kwa vichala, mpaka linakuwa kundi moja kubwa kuliko mtu. Wanalitundika kwenye mti mrefu, wanaume wanaubeba mabegani, mbele na nyuma, wanapita nalo njiani na muziki mpaka kanisani. Kila mwaka nilipoiona nilimkumbuka mama, kwa sababu yeye pia hakula maharagi mapya kabla hajapeleka kapu la kwanza parokiani Kavumu. Nilisimama pale kati ya wazungu nikalia, na Odette akajifanya haoni.

Basi, nikastaafu, nikarudi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Shamba lake la Kavumu, hili hapa tulipokaa, lilikuwa mikononi mwa mdogo wangu Cikuru, ambaye mnamjua kwa kelele zake. Ananiita Yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyebaki. Yeye alimlimia mama shamba, alimpeleka hospitali, alimzika. Siku niliyofika aliniletea kiti, akaniletea maji, halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelitunza muda mrefu.

"Yaya, miaka yote ile, ulienda kujifunza nini?"

"Kukata mizabibu."

"Kukata tu?"

"Kukata tu."

Akaitazama mikono yangu. "Mama alikuwa anauliza kila siku kama uko unasoma. Miye nilikuwa namwambia ndiyo, uko unasoma. Kumbe ulienda kulima shamba ya bazungu, ya mama ukaniachia."

 Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu hakusema kwa hasira. Usiku huo, na nyingine nyingi, nilijiuliza mwenyewe: kama ninachokijua hakiwezi kuota katika udongo wa mama yangu, nilienda kufanya nini kule? Hapo ndipo nilipotaka mizabibu Kavumu. Msidanganyike kwamba ilikuwa biashara. Nilitaka Cikuru aone.

Masista wa pale mjini Bukavu wana mzabibu mzee unaopanda ukuta wa jiko lao. Sista mmoja Mfaransa aliupanda zamani, jina la aina yake hakuna anayelijua. Nilipoona majani yake yamekatika-katika vile, moyo uliruka. Poulsard! Siwezi kuapa, na mtu akija na mitambo yake akasema ni kitu kingine nitamsikiliza. Lakini mimi nauita Poulsard. Masista wakanipa vipande, nikavipanda hapa, Cikuru akiwa amesimama na jembe begani.

"Hapa njo mama alikuwa anapanda maharagi," akasema. "Nakupatia miaka tatu. Kama haizae, nang'oa, narudisha maharagi."

Ilishika vizuri. Wee, ilishika! Mwaka wa pili ilikuwa imepita nguzo, imeingia kwenye migomba, majani makubwa kama sahani. Watu wa barabara ya Goma walisimama kuitazama. Zabibu? Hata moja.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Sikilizeni vizuri, hapa ndipo mcheke. Nilikuwa nangoja majani yaanguke. Ndiyo! Mimi, mtoto wa Kavumu, niliyezaliwa hapa nikakulia hapa! Odette aliniambia usikate wenye majani, kwa hiyo kila asubuhi nilikuja, nikanoa sekateri, nikatazama juu. Desemba ikapita. Januari ikapita. Cikuru akaja.

"Yaya, unangoja nini?"

"Majani yaanguke."

Akatazama majani. Akatazama migomba, mparachichi wa jirani, mlima wote ulivyokuwa kijani. "Yaende wapi?" akaniuliza.

Nilimfukuza shambani. Lakini swali lake lilibaki. Miaka yote kule Jura sikuwahi kuwaza nani anayeyaangusha majani. Baridi ndiyo iliyokuwa ikifanya nusu ya kazi yangu, na haikuwahi kudai jina. Hapa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mzabibu wa Kavumu uko kama mtu asiyelala: anafanya kazi mchana na usiku, anazunguka-zunguka, na hazai kitu.

Kujua ugonjwa si kujua dawa. Mwaka wa tatu ulifika na shamba liko vilevile. Cikuru akaniambia mbele ya mke wake, ili isiwe siri: "Pasaka ikipita, Yaya, nang'oa. Nilikuachia, umeona mwenyewe." Na alikuwa na haki. Nililala siku hizo kama mtu aliyefiwa.

Dawa niliipata kwa masista, na walionionyesha ni mbuzi. Nilikwenda kuwasalimia mwezi wa kwanza nikakuta sista wa jikoni anagomba peke yake uani. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepita kwenye uzio majuma yaliyopita, wakala majani yote ya mzabibu upande wa chini, wakaacha matawi matupu.

"Ona, maman, vile baliharibu!" akaniambia. "Upande ule wa juu wenye hawakufikia njo uko muzuri."

Nikatazama upande wa juu: majani tu, zabibu hamna. Nikainama nikatazama upande ulioliwa. Machipukizi mapya yalikuwa yametoka kila mahali, na kila chipukizi lilibeba kichala kidogo cha kijani, kidogo kama pilipili changa. Nilimkumbatia yule sista mpaka akapiga kelele. Aliuliza kama nimefiwa au nimeozesha mtoto. Nikamwambia, "Sista, usiwapige mbuzi wale."

Nilipanda gari la Kavumu siku hiyohiyo. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa, nafikiri hapo mngepata picha nzuri zaidi. Kama baridi haiji Kavumu, basi baridi ni mimi!

Sasa fungueni masikio, hii ndiyo kazi. Mnasubiri ile nafasi mvua inapopunguka, mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mvua kubwa. Hamwagilii. Mnavua majani yote, kila moja. Na hakuna kung'oa! Aliyeitazama picha akadhani nang'oa, macho yake yana shida. Mnavunja jani, mnaacha kikonyo chake kwenye tawi; kitaanguka chenyewe baadaye. Ukivuta kwa nguvu unachana ganda, na pale pembeni ya kikonyo ndipo zabibu zako zimelala. Mkimaliza, mnaacha mti upumzike. Halafu ndipo mnakata kama Odette: tawi refu la mwaka huu, kisiki cha mwaka ujao. Mkifanya wakati huo, zabibu zinaiva kiangazi, mvua imeondoka. Mkichelewa, zitaiva kwenye mvua na zitaoza zote.

Nilianza kuvua asubuhi. Cikuru alipofika nilikuwa nimemaliza safu nzima, na majani mabichi yamejaa chini kama watu wamefanya vita na migomba. Alishika kichwa.

"Yaya! Umeua shamba!"

"Nimeilaza."

"Iko inakufa hii! Ata kama miye sikupenda hii miti, ilikuwa muzima! Mutu anavua majani ya muti muzima? Juu ya nini?"

"Kwa sababu haiwezi kuvua yenyewe."

Alikaa juu ya jiwe. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi, maana matusi ya Cikuru yanaisha haraka. Badala yake akasema polepole, "Miye sitang'oa tena. Hakuna kitu ya kung'oa. Umemaliza mwenyewe." Akaondoka. Nawaambia ukweli, siku ile niliogopa. Mbuzi walikula nusu ya mti mmoja, mimi nimevua shamba zima. Lakini mikono haikusimama. Mkianza kazi ya namna hii, mnaimaliza. Woga mnaupa nafasi yake jioni.

Nikakata. Siku chache baadaye nilirudi nikakuta matone. Mzabibu ukiwa hai, maji yanapanda kutoka mizizini na kudondoka pale ulipokatwa, tone, tone. Kule Jura wanasema unalia. Odette alikuwa akilichukua tone la kwanza kwa kidole na kujipaka kwenye kope, bila maelezo. Na mimi nikajipaka. Mti uliokufa haulii.

Juma baada ya Pasaka Cikuru alikuja na jembe kurudisha maharagi, kama alivyoahidi. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya majani. Akasimama mwanzo wa safu, akainama, akafunua jani changa kwa kidole.

"Hii iko nini?"

"Zabibu."

"Kidogo hivi?"

"Na wewe ulizaliwa mdogo. Nilikubeba mimi."

Akapita safu yote akifunua majani. Mwisho akasema, "Bado sijaona kitu ya kukula," akaenda zake na jembe lake. Lakini tangu siku hiyo niliona nguzo zilizolegea zimesimamishwa, na mbuzi wa jirani yetu wa hapa wakapigiwa uzio, na hakuna aliyesema ni nani.

Mvua za Aprili zilitutesa. Ukungu ulishika majani, nikapunguza yale yanayofunika vichala ili upepo upite. Vingine vilioza, vingine vikabaki. Kiangazi kilipofika, vilivyobaki viligeuka vyekundu, ngozi nyembamba vilevile. Mwezi wa saba nilimpelekea Cikuru habari: kesho tunachuma.

Sasa, lile kundi la zabibu linalobebwa kanisani nilikuwa nimemsimulia zamani, siku za kwanza za kurudi. Alinicheka sana. "Bazungu banabeba zabibu sawa mufu?" Sikurudia tena habari hiyo.

Asubuhi ya kuchuma nilimwona anakuja toka barabarani, na juu ya bega lake mpini wa jembe. Damu ilinipanda. Nilimpigia kelele kabla hajafika: "Cikuru! Jembe la nini leo? Pasaka ilishapita, zabibu unaziona, unataka nini tena?"

 Alipofika karibu nikaona ni mpini peke yake. Chuma alikuwa amekitoa. Akauweka chini, akatoa kamba za migomba mfukoni, akakaa kando ya kapu la kwanza.

"Kule kwa bazungu," akaniuliza, "wanafunga kutoka juu ao kutoka chini?"

Nilikaa kando yake. "Kutoka chini," nikasema.

Tukafunga, yeye na mimi, kichala kwa kichala. Halikuwa kubwa kuliko mtu, lilikuwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni. Akalitundika katikati ya mpini, akanionyesha mbele kwa kidevu. "Shika kule, Yaya. Mama alikuwa anapeleka kapu yake ya kwanza kwa parokia. Hii iko yake."

Tukashika barabara ya Goma, mimi mbele, yeye nyuma, mpini mabegani. Watu walitoka madukani. Wanawake wa sokoni waliacha nyanya zao. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Eh, hiyo ni nini munabeba?"

Nilifungua mdomo nieleze, mnanijua, ningeanzia Jura. Cikuru alinitangulia.

"Ni kazi," akajibu, "yenye Yaya yangu alienda kujifunza."